Salamu kwa Mwenye Upinde

Jumatatu, 9 Juni 1975

Daftari hili nimepewa na Mtoro, karani wa mizani wa ghala letu la pamba hapa Kasoli. Lilikuwa la darasa la elimu ya watu wazima, likabaki kurasa nyingi, akasema, "Chukua, binti, andika humo, unipunguzie maneno masikioni." Mtoro ni mtu wa Ujiji na msimu huu ndio wake wa kwanza huku. Haniwezi kwa maneno, mimi simwezi kwa ukali, kwa hiyo tunaelewana.

Kazi yangu ni kukagua pamba kabla haijapanda mizani. Nyeupe na kavu ni safi, inakwenda kushoto. Yenye madoa na majani ni fifi, inakwenda kulia. Nimefanya kazi hii misimu mitatu na siku hizi hata watu nawakagua hivyo hivyo. Mtoro ni safi, ila ana majani kidogo. Bibi Philomena aliyenilea ni safi tupu. Salu sisemi, nitachafua ukurasa.

Mama Kwandu, mama yake Salu, ni fifi. Nimwandike leo nimalizane naye. Tangu Operesheni ya vijiji ituhamishe mwaka jana, serikali imetupanga nyumba kwa nyumba, na nyumba iliyopakana na yetu ni yake. Kila asubuhi napiga magoti njiani kwake nasema, "Mwangaluka, mayu," salamu yetu ya asubuhi kwa mama. Haitikii. Ananipita kama kisiki. Usukumani hapa mtu akikosa wa kumsalimia anasalimia ng'ombe, halafu mimi nina mwaka mzima sijapata jibu la mama mmoja.

Sababu naijua. Babu yake alikuwa Jilala, mtemi wa huku, aliyeuawa kwa mshale kwenye ngoma ya mavuno, Wajerumani hawajafika bado. Upinde uliookotwa ulikuwa wa Sayi, na Sayi ndiye baba wa bibi yangu. Toka siku hiyo sisi ni ukoo wa wauaji. Mama Kwandu amesema mwanawe hataoa kwa wauaji yeye akiwa bado anapumua, na kwa ninavyomsikia akipigia kuku kelele, pumzi anayo ya kutosha.

Jumatano, 11 Juni

Nimemsalimia. Hakuitikia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemsalimia. Alikohoa, nikadhani ndiyo lenyewe. Kumbe vumbi.

Alhamisi, 19 Juni

Salu ameleta pamba. Nimeikagua taratibu sana, punje kwa punje, mpaka Mtoro akauliza kama natafuta sindano humo. Salu akainama akijifanya anafunga gunia.

"Mama ametuma mtu aende Mwandoya," akasema. "Kuna binti wa rafiki zake. Pamba ya hapa ikishapakiwa, anataka ng'ombe wa mahari wapelekwe."

"Utakataa?"

"Nikimkataa, atakufa na kinyongo. Nikikubali, nitakufa mimi."

Tukacheka, maana alilisema kichwa kimeingia guniani. Kisha hatukucheka tena. Lori la kubeba pamba linatarajiwa katikati ya Julai, kwa hiyo nina mwezi mmoja wa kumgeuza mama ambaye hata kunitazama hanitazami.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemsalimia. Hakuitikia.

Jumamosi, 28 Juni

Leo nimembana Bibi anisimulie yote. Tulikuwa tunakata viazi vya michembe, vile vipande vya kukausha juani, na akifika kwenye habari hii huwa anashusha sauti, hata kama tuko sisi wawili na kuku.

Anasema ilikuwa alasiri ya siku ya pili ya ngoma. Mtemi Jilala alikuwa amekaa mbele, mgongo wake ukielekea shamba la mtama. Mshale ukatoka kwenye mtama. Walipokimbilia huko wakakuta upinde tu, na kila mtu aliujua, ulikuwa wa Sayi.

"Lakini baba hakuwa na ugomvi na mtemi," Bibi akasema. "Baba hakuwa na ugomvi na mtu. Kazi yake ilikuwa kuazima watu vitu. Jembe lake lilikuwa kwa huyu, kinu kwa yule. Kilichomponza ni kwamba siku chache kabla aliutoa upinde ndani akaenda kuuficha kwenye ua wa miiba. Watu wakasema, mtu mwema anafichaje upinde?"

"Kwa nini aliuficha?"

"Alisema aliambiwa na msichana mmoja mgeni. Nani angeamini?"

Nikasema hata mimi nisingeamini. Bibi akaninyima kiazi.

Ijumaa, 4 Julai

Lazima niandike leo leo.

Saa nne asubuhi Mtoro alinituma ghalani kushindilia pamba, rundo limefika darini. Kazi hiyo naipenda. Unapanda juu, unakanyaga, unaimba. Nikakanyaga nikazama magotini, nikacheka. Nikazama kiunoni. Nikazama shingoni, nikaacha kuimba. Kisha nikawa nazama na hakuna chini, weupe mtupu puani na masikioni, nikatokeza kichwa upande wa pili kwenye rundo la mashuke ya mtama.

Mbele yangu mwanamke mmoja aliyevaa kaniki akaangusha ungo. Tukatazamana. Mimi nina gauni la maua na pamba kichwani, yeye ana shanga mpaka viwikoni. Adabu ni adabu tu, akaniambia, "Mwangaluka." Nikaitikia nikiwa bado ndani ya mtama.

Walinidhania mtu wa misafara aliyeachwa nyuma. Wakanipa uji, wakauliza ukoo, nami nikauliza hili na lile. Hakuna ghala, hakuna barabara, vilima ni vile vile. Mtemi wao anaitwa Jilala. Ngoma ya mavuno itaanza baada ya siku tisa. Nikahesabu kwa vidole chini ya kibuyu cha uji: ngoma tarehe 13, siku ya pili ni Jumatatu tarehe 14.

Kisha akaja mwanamume mrefu anayecheka kama Bibi, kicheko kile kile cha kuanzia puani. Akanitazama miguu akasema, "Huna viatu vya kutembelea miiba hii. Subiri nikuazime vyangu." Hanijui hata jina, tayari ananiazima. Nikamjua ni Sayi. Nilitaka kumkumbatia, lakini ningeelezaje?

Nilirudi kwa kupanda mtama na kukanyaga. Aliyenivuta mguu huku ni Mtoro. "Alaa! Nimekutuma kazi, wewe umelala tangu saa nne mpaka saa saba?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa mbali sana. Viatu vya Sayi vya ngozi ninavyo, viko chini ya kitanda.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Tumeandamana, tumeimba, Mtoro ametoa hotuba kuhusu pamba safi. Nimemsalimia mama Kwandu kwenye mkutano mbele za watu. Hakuitikia mbele za watu.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda tena, safari hii kwa makusudi. Nia yangu ni moja: Jilala asife, Sayi asilaumiwe, mama Kwandu akose sababu.

Nilianza na mtemi mwenyewe. Ni mtu mnene mcheshi, anapokea watu akiwa anakula karanga. Nikamwambia atapigwa mshale siku ya pili ya ngoma. Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Binti, tangu nitawale nimeshatabiriwa vifo kumi na viwili. Hiki chako angalau kina siku." Akaniita nile karanga naye. Nilikula, nisiseme uongo, zilikuwa tamu.

Basi nikamwendea Sayi. Nikamwambia, upinde wako usikae nyumbani kwa siku hizi, kuna mtu anautaka kwa ubaya. Akakunja uso. Kumnyima mtu kitu kulikuwa kazi ngumu kwake. "Nikisema sina nitakuwa mwongo."

"Basi ufiche," nikasema. "Uchomeke kwenye ua wa miiba, hakuna atakayeuona." Akauchomeka mbele yangu. Nikarudi naimba, nimeokoa ukoo mzima kwa asubuhi moja.

Jioni, nikipepeta mchele na Bibi, ungo ukaniponyoka. Msichana mmoja mgeni! Ni mimi. Mimi ndiye niliyemponza Sayi, nikauweka upinde mahali ambapo mwizi hahitaji hata kubisha hodi. Nimelia, Bibi akadhani ni Salu. Fifi kubwa kuliko zote msimu huu ni mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Ghala limefungwa. Mkaguzi amekuja kutoka Bariadi.

Ijumaa, 11 Julai

Mkaguzi bado yupo. Anakagua polepole kuliko mimi.

Jumapili, 13 Julai

Ghala limefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Huko kwao ngoma imeanza. Nilikwenda kuweka sikio kwenye ukuta wa ghala. Mama Kwandu akapita akaniona nimekumbatia ukuta. Nikamsalimia hapo hapo. Hakuitikia, na leo simlaumu.

Jumatatu, 14 Julai

Niandike polepole nisiruke kitu.

Lori lilifika saa mbili. Wapakiaji wakaanza na rundo la safi, gunia baada ya gunia, na kufika saa sita likawa limekwisha. Lilibaki rundo la fifi peke yake, mlango wangu wa mwisho. Salu alikuwa amekuja kusaidia kupakia. Nikamvuta pembeni.

"Salu, nataka ukalie pamba."

"Nikalie?"

"Panda juu ya lile rundo, ukae, asiliguse mtu mpaka mimi nitoke ndani yake."

Akanitazama sana. Mtu mwingine angeuliza natoka ndani vipi. Yeye akauliza, "Nikae mpaka saa ngapi?" Nikasema hata mimi sijui. Akavua kofia akapanda. Nilimsikia Mtoro akipiga kelele wakati nazama.

Huko ngoma ilikuwa imepamba moto. Nilitoka kwenye mtama mbio mpaka kwa Sayi, nikachungulia uani. Upinde haupo. Nikazunguka nyuma ya uwanja, kwenye mtama ambao haujakatwa, nikipasua mabua kwa mikono, na huko nikamkuta.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mvi kidogo, amepiga goti moja. Upinde wa Sayi mkononi, kamba imevutwa mpaka shavuni. Kati ya mabua niliuona mgongo mnene wa Jilala ukitikisika kwa kucheka.

Sikuwa na fimbo. Kupiga kelele kungemshtua, na mshale ungeondoka. Nilisimama, na kilichonijia ndicho kinachonijia kila asubuhi. Magoti yalikwenda yenyewe. Nikapiga magoti mbele ya ule mshale, nikatoa salamu ya mchana, "Mwadila, baba."

"Nyamaza!" akanong'ona.

"Mwadila, baba."

Mkono ulikuwa umekusudia kuua, lakini mdomo ulilelewa na mama yake. Akasema kwa meno, "Mwadila."

"Kaya yenu mhola?" Nyumbani salama?

"Mhola."

"Watoto mhola?"

"Mhola. Ondoka hapo."

"Na ng'ombe, baba? Ng'ombe mhola?"

Kwa ng'ombe Msukuma hawezi kusema uongo. Kamba ikalegea kidogo, kisha ikalegea yote.

"Ng'ombe si mhola," akasema. "Dume langu jeusi lilichukuliwa."

Jina lake Maduhu. Ni mpwa wa Jilala, mtoto wa dada yake. Mwaka uliopita walishitakiana juu ya dume, mtemi akajiamulia mwenyewe akashinda. "Dume ningesahau," Maduhu akasema. "Lakini tangu siku ile hanisalimii. Mjomba wangu! Namsalimia kila siku mbele ya watu. Ananipita kama kisiki."

Machozi yakanitoka bila ruhusa. Maduhu akaniangalia akashangaa, na kwa kuwa salamu haikamiliki upande mmoja, akauliza, "Na wewe, mwanangu? Kwenu mhola?"

Nikamwambia si mhola. Nikamwambia habari za mama Kwandu, mwaka mzima wa magoti, mambo yote. Akauweka upinde chini ili apate mkono wa kujifutia macho. Tukakaa kwenye mtama watu wawili wasioitikiwa, tunalia, ngoma inalia mbele yetu. Yeye alikuja kuua, na mimi nilikuwa nimekwishamweka upande wa safi.

"Twende," nikasema.

"Wapi?"

"Kusalimia."

Nikamshika mkono nikamtoa mtamani mpaka katikati ya uwanja. Wachezaji wakasimama. Nikapiga magoti mbele ya Jilala nikasema kwa sauti, "Mtemi, mpwa wako amekuja na hajaitikiwa tangu mwaka jana."

Uso wa mtemi ukaacha kucheka. Akamtazama Maduhu, akatazama upinde ambao Maduhu, kwa mazoea, alikuwa ameuokota akatoka nao, akaelewa. Nadhani aliogopa, na nadhani pia aliona haya. Aliweka karanga chini.

"Mwadila, mpwa wangu," akasema.

"Mwadila, mjomba."

"Kaya mhola? Mama yako mhola? Mguu wake ule?"

Wakaenda mbele. Wakasalimiana watoto, majirani, mashamba, mpaka wachezaji wakaketi chini. Walipofika kwenye ng'ombe uwanja mzima ulikuwa umesogea kusikiliza. "Dume lako halijambo," Jilala akasema. "Linanimalizia majani. Kesho uje ulichukue."

Sayi akajipenyeza akauona upinde wake. "Kumbe nilikuazima?"

"Ndiyo," Maduhu akasema.

"Sikumbuki. Basi sawa."

Ngoma ikarudi kwa kishindo, mimi nikachezeshwa mpaka kisigino kikapasuka. Maduhu akaniuliza jina, nikamwambia Nyanjige. Nilipokumbuka lori, wanawake walikuwa wanabeba mashuke kwa ajili ya pombe na rundo limebaki kimo cha goti. Nikapiga mbizi.

Nilipotokeza kichwa, Salu alikuwa amekaa juu ya rundo lile lile, anatafuna michembe. Lori limewasha injini na Mtoro anaapa kwa Mungu wake.

"Salu! Umekaa!"

"Nimekaa," akasema, ila uso wake umechanganyikiwa. "Sijui hata kwa nini. Wananiuliza tangu mchana nami sina jibu. Nilihisi tu nisiondoke."

Hakukumbuka niliyomwomba. Huyu alikuwa Salu mwingine, wa dunia ambayo Jilala hakuuawa, na bado alikuwa amekaa. Nikamkumbatia mbele ya wapakiaji wote, na Mtoro akageukia ukutani.

Jumanne, 15 Julai

Nimeamka nimekuta ng'ombe kumi na wawili zizini kwetu nisiowajua hata mmoja.

"Bibi, ng'ombe wa nani?"

"Wa mahari yako, wewe. Umeanguka kichwa?"

Nikakaa chini hapo hapo kwenye samadi. Bibi akacheka, na sikumbuki lini nilimsikia akicheka bila kutazama mlango. Nikamwuliza habari za kifo cha Jilala. Alikufa mzee, akasema, alipaliwa na karanga. Kisha akanisimulia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kisa ninachotakiwa kukijua tangu utotoni, cha msichana mgeni aliyemsalimia mwenye upinde mpaka upinde ukachoka. Sayi alimpa binti yake wa kwanza jina la msichana huyo, na mimi nimerithi kwa huyo dada yake Bibi. Kwa maneno mengine jina langu nimejipa mwenyewe.

Salu nimemwomba anisimulie tulivyokutana. Si swali la kumwuliza mchumba, lakini nifanyeje, sikuwepo. Anasema nilikwenda kwao kurudisha kinu cha kuazima, nikasalimia mpaka jua likazama, akaona huyu ama nimwoe ama nihame. Ni hadithi nzuri. Ile yetu ya kwanza nilikuwa naipenda pia, na ninayo humu peke yangu.

Mama Kwandu nimemwona kwa mbali, nikapita nyuma ya nyumba. Sijaweza. Naogopa yote yawe yamegeuka isipokuwa yeye.

Jumatano, 16 Julai

Nimepita nyuma ya nyumba.

Mtoro ameandika barua kuomba uhamisho. Anasema amefanya kazi sehemu nyingi, hajaona kijiji kinachosalimiana kama hiki. Foleni ya mizani ilisimama saa nzima kwa sababu wazee wawili walikuwa hawajafika kwenye mbuzi.

Alhamisi, 17 Julai

Leo asubuhi nilikuwa nanyemelea nyuma ya nyumba, nikamkuta amesimama huko huko ananisubiri. Mama Kwandu, khanga kiunoni, macho mekundu.

"Nyanjige," akasema. Sijawahi kusikia jina langu mdomoni mwake. "Siku mbili unanikwepa. Siku mbili hujanisalimia. Nimelala nikijiuliza. Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikamwona Maduhu mtamani, nikajiona mimi mwenyewe mwaka mzima njiani, na nikaelewa kuwa yule mama Kwandu wa kwanza naye alikuwa na babu yake moyoni, hakuna aliyewahi kumwuliza kama kwake ni mhola. Nilimkagua vibaya. Sikuwahi kugeuza pamba nikaangalia chini.

Nikapiga magoti. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu," akasema, na mimi nikashindwa kuendelea kwa kulia, ikabidi aendelee yeye. Akauliza Bibi, akauliza usingizi, kisigino changu, ng'ombe wote kumi na wawili, mmoja mmoja. Nami nikauliza kuku wake, mgongo wake, na babu yake, na akanisimulia babu yake. Mtoro alikuja mara mbili kuniita kazini akarudi. Tulianza umande ukiwa bado kwenye majani, na tulipomaliza Mtoro alikuwa anafunga mizani.